Je, Kura Bado Ina Uzito?

Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama, wajumbe na wageni katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu chetu cha Ushirika



Kwanza kabisa natoa shukrani kwa Halmashauri kwa heshima iliyonipa ya kusema siku hii ya furaha. Wenzangu walionitangulia wamekwisha kueleza habari za maghala yaliyojengwa, za mbegu zilizogawiwa, na za bei za pamba tangu mwaka tulioanza hata leo. Mimi nimepewa kazi ya kusema juu ya kitu kisichowekwa ghalani wala kupimwa kwa kilo, nacho ni kura.

Nataka nianze na maneno niliyoyasikia kwenye mizani. Msimu huu, nilipokuwa nikingoja zamu yangu, kijana mmoja aliyeleta pamba ya baba yake aliniambia: "Shikamoo, Mzee. Naona baba ameitwa tena mkutanoni kwenda kupiga kura. Hivi, Mzee wangu, kura hizi zatufaa nini? Watu wamepiga za kijiji, wamepiga za Bunge, wamepiga na za ushirika, na jembe mkononi mwetu ni lile lile." Niliitikia shikamoo yake, lakini swali lake sikulijibu. Zamu yangu ilifika, nikapima, nikaondoka. Leo najaribu kulipa deni lile.

Sikumkemea kijana yule, maana hakusema kwa utovu wa adabu. Wala si yeye peke yake asemaye hivyo. Katika uchaguzi mkuu wa Tanzania wa mwaka 2005, kati ya kila watu 100 walioandikishwa, watu 72 walikwenda kupiga kura. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 2010, hawakufika 43. Zaidi ya nusu walikaa nyumbani. Na mwezi wa Oktoba 2025 tuliona siku ya uchaguzi ikigeuka siku ya ghasia na vifo katika miji yetu, na wako wengi ambao swali la kijana yule waliuliza kwa uchungu zaidi kuliko yeye. Kwa hiyo si haki mtu mzima kulijibu kwa methali moja na kwenda zake.

Yafaa nitangulize neno moja. Sikuja hapa kusemea chama chochote cha siasa. Ushirika wetu una wanachama wa kila chama, na wasio na chama, na kila dini, na hivyo ndivyo inavyopasa. Nasema juu ya kura yenyewe, kama chombo, jinsi ambavyo mkulima aweza kusema juu ya jembe bila ya kutaja duka alilolinunua.

Mabibi na Mabwana, wanaosema kwamba kura haina maana wana hoja tatu. Nitazichukua moja moja.

Hoja ya kwanza husema: "Kura yangu ni moja tu, na katika maelfu ni kama tone la maji ziwani." Wenye kusema hivi na waikumbuke Zanzibar. Mwezi wa Januari 1961 watu wa Unguja na Pemba walichagua wajumbe 22 wa Baraza la Kutunga Sheria. Afro-Shirazi walipata viti 10, Hizbu viti 9, na ZPPP viti 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, hata pande zote mbili zikawa na viti 11 kwa 11, na serikali haikuweza kuundwa. Sasa sikilizeni. Kiti kimoja katika vile 10 vya Afro-Shirazi, yaani kiti cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja tu. Lau watu wawili wa upande ule wangalisema asubuhi ile, "Kura yangu ni tone," wakaenda shambani, kiti kile kingalikwenda upande wa pili, wala mambo yasingalisimama 11 kwa 11. Ilibidi uchaguzi urudiwe mwezi wa Juni mwaka ule ule, na katika ghasia zilizofuata watu wengi walipoteza maisha yao. Hakuna mtu wa Chake Chake aliyejua asubuhi ile kwamba kura yake ndiyo itakayoelemea mizani. Wala sisi hatujui siku ya kura yetu.

Hoja ya pili husema: "Wakubwa hawatoki. Tupige tusipige, ni wale wale." Hapa sina haja ya kwenda mbali, maana mfano uko katika nyumba yetu sisi wakulima wa pamba. Wazee wetu wa Kanda ya Ziwa walipochoka na mizani ya wanunuzi, waliungana katika vyama, na mwaka 1955 likaanzishwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria, VFCU. Aliyewaongoza katika kazi ile ni Bwana Paul Bomani, na baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Fedha. Ni mtu ambaye jina lake hata leo hutajwa kwa heshima katika ushirika. Mwaka 1965 Tanzania Bara ilikuwa na chama kimoja tu cha siasa, lakini katika majimbo mengi wananchi waliletewa watu wawili wa chama hicho wachague mmoja, huyu kwa alama ya jembe na huyu kwa alama ya nyumba. Waziri wa Fedha alisimama huko Mwanza kama mtu mwingine yeyote, na wapiga kura wakamwangusha.

Sitaki kusema kwamba walifanya vyema au vibaya. Mimi mwenyewe namheshimu marehemu kwa kazi yake, na Rais Nyerere alimrudisha Bungeni kwa kumteua. Ninalotaka mlione ni hili: hata katika nchi ya chama kimoja, hata mbele ya mtu mwenye cheo kikubwa na sifa ya kweli, karatasi ndogo ya mkulima ilikuwa na nguvu ya kusema, "Sasa basi." Na tazameni jirani zetu wa Malawi. Mwaka 2020 walimwondoa Rais Peter Mutharika kwa kura, wakamweka Bwana Lazarus Chakwera. Mwaka 2025 walimwondoa Bwana Chakwera kwa kura, wakamrudisha Bwana Mutharika. Labda mtu atacheka na kusema kwamba wamezunguka mti ule ule. Lakini kiongozi ajuaye kwamba aweza kuondolewa, na kwamba aweza kurudishwa iwapo atajirekebisha, hatawali kama yule ajuaye kwamba kiti ni chake mpaka kufa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, nami siwezi kuipita juu juu. Husema: "Kura tunapiga, lakini hazipimwi kwa haki." Ni kweli kwamba jambo hili limetokea, na si mara moja. Huko huko Zanzibar, mwezi wa Julai 1963, Afro-Shirazi walipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini katika viti 31 walipata 13 tu, kwa sababu ya jinsi majimbo yalivyokatwa. Watu waliona kwamba wamepiga wengi na wamehesabiwa wachache. Mapinduzi ya Januari 1964 yalikuwa na sababu nyingi, lakini uchungu ule ulikuwa mmoja wao. Nchini Kenya, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, hesabu za kura hazikuaminiwa, na watu zaidi ya 1,000 waliuawa. Mambo haya hayasahauliki, na mtu asiyatumie kama mzaha.

Lakini, ndugu zangu, nauliza: je, mambo haya yaonyesha kwamba kura haina uzito? Mimi naona kinyume chake. Nimekaa kwenye mizani ya pamba kwa muda mrefu, na sijapata kuona mtu akichezea mizani ipimayo pumba. Mizani huchezewa pale palipo na thamani. Na wazee wetu walipogundua kwamba mizani ya wanunuzi haiaminiki, hawakusema, "Basi, tusipime tena." Walisema, "Mizani iwe yetu, na mpimaji awe mtu wetu, na kila mwenye pamba asimame aone." Ushirika wetu umetoka katika neno lile.

Ndivyo walivyofanya watu wa Malawi. Uchaguzi wao wa Mei 2019 ulipotiwa shaka, walipeleka shauri mahakamani. Mahakama ilikagua karatasi za matokeo, ikakuta nyingine zimefutwa kwa wino mweupe na kuandikwa upya. Makarani mlioko hapa mwajua maana ya kitabu cha hesabu kilichofutwa hivyo! Mwezi wa Februari 2020 majaji waliubatilisha uchaguzi ule, na mwezi wa Juni wananchi wakapiga kura upya. Sisemi kwamba kila mahali pana mahakama kama ile. Nasema kwamba mizani mbovu haitengenezwi na mtu aliyekwenda zake nyumbani.

Bwana Mwenyekiti, sasa nataka kurudi hapa kwetu, maana ni rahisi kunung'unikia Bunge lililo mbali na kusahau sanduku lililo katika chumba cha chama chetu.

Kanuni ya mwanachama mmoja kura moja si ya jana. Mwaka 1844, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, watu 28, wengi wao wafumaji wa nguo, walifungua duka dogo la ushirika. Wakati ule wafanyakazi wengi wa Uingereza hawakuwa na kura ya Bunge. Lakini katika duka lile mwenye hisa nyingi alikuwa na kura moja, na mwenye hisa chache alikuwa na kura moja, na wanawake waliweza kuwa wanachama wenye kura. Kwa hiyo watu wale walipata demokrasi katika duka la unga na siagi kabla ya kuipata katika nchi yao. Na sisi hali kadhalika. Mwaka 1958 na 1959, Tanganyika ilipofanya uchaguzi wake wa kwanza, mtu hakuandikishwa ila awe na elimu, au mapato, au cheo vilivyotajwa na sheria, na kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Wakulima wengi hawakuwa na kura ile. Lakini katika vyama vyao vya ushirika walikuwa wakichagua wenyewe viongozi wao.

Urithi huo tuliutunzaje? Mwaka 1966 Serikali iliunda Tume kuchunguza vyama vya ushirika, kwa sababu malalamiko yalikuwa yamezidi. Tume ile ilikuta, pamoja na mambo mengine, kwamba wanachama wengi hawakujua mambo ya vyama vyao, na kwamba katika vyama vikuu demokrasi ilikuwa imepungua sana. Miaka 10 baadaye, mwezi wa Mei 1976, vyama vikuu vikavunjwa kwa amri ya Serikali, na kazi yake ikapewa mamlaka ya mazao. Mwanachama hakuulizwa. Alilala ana chama, akaamka hana. Ilibidi kungoja sheria ya mwaka 1982 ili vyama vikuu virudi. Wazee waliokuwapo watawaeleza jinsi ilivyokuwa kuuza pamba mahali ambapo huna kura, humchagui anayekupimia wala anayekulipa, na malipo yakichelewa huna mkutano wa kusimama kuuliza. Kijana akiuliza kura yatufaa nini, na aulize pia miaka ile ilikuwaje.

Lakini sitaki kuwalaumu Serikali na Tume peke yao, maana mimi mwenyewe nina hatia, na leo nitaisema.

Katika ujana wangu nilikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi, ambacho sitakitaja jina. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu mwema wa maneno, naye alikaa katika kiti chake miaka mingi. Kila mwaka mkutano mkuu uliitishwa, wanachama hawakutosha, ukaahirishwa, na mara ya pili walikuja wachache zaidi. Hesabu zilisomwa upesi upesi jua likizama. Kisha mtu husimama na kusema, "Mwenyekiti aendelee!" nasi tukapiga makofi. Huo ndio uliokuwa uchaguzi wetu. Mimi nilipiga makofi miaka minne, na kila mara nilipiga kwa nguvu, maana nilikuwa mbele na nilitaka nionekane.

Mwaka wa tano mama mmoja mjane, aliyekuwa na shamba dogo la pamba, alisimama akasema: "Wanangu, mimi sijui kusoma. Lakini nimekatwa fedha za dawa ya pamba mara mbili, na dawa sikuiona hata mara moja. Nataka hesabu isomwe polepole, kisha nataka kura isiyo ya makofi." Pakawa kimya. Bwana Mwenyekiti alisema kwamba hakuna karatasi. Mama akajibu kwamba yeye ana mahindi na maharage nyumbani. Basi uliletwa mtungi, ukawekwa ndani ya ofisi, na kila mwanachama aliingia peke yake: punje ya mahindi kwa Mwenyekiti aendelee, punje ya harage kwa mtu mwingine. Tulipozimwaga mezani, maharage yalizidi kwa 6.

Halmashauri mpya ilipofungua vitabu, ilikuta deni lililochukuliwa kwa jina letu sote. Tulilipa misimu miwili. Kura ile haikuturudishia hata senti moja ya fedha zilizopotea, wala sitawadanganya kwamba ilitutajirisha. Iliziba tundu tu. Lakini nilipokuwa nikikatwa fedha zangu kulipa deni lile, nilikumbuka makofi yangu ya miaka minne, nikajua kwamba nilikuwa nikilipa bei yake. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari bila msomaji, na kura bila siri, navyo hupotea hivyo hivyo.

Basi jawabu langu kwa kijana wa kwenye mizani ni hili. Naam, kura ina uzito bado. Lakini ni uzito wa pamba, si wa jiwe. Pamba ikilowa maji hudanganya mizani, na ikiachwa mvuani huoza. Kura ya mtu asiyejua hesabu za chama chake imelowa. Kura iliyouzwa kwa kilo ya sukari au kwa kanga imelowa. Na kura ya mtu anayepiga siku moja, kisha akalala mpaka uchaguzi mwingine, imeachwa mvuani. Kura haileti bei nzuri peke yake, wala haileti mvua. Kazi yake ni kumfanya aliyeshika mali yetu ajue kwamba siku itafika ya kuulizwa. Hakuna chombo kingine, katika chama wala katika nchi, kinachoweza kuifanya kazi hiyo bila ya fujo na bila ya damu.

Kwa sababu hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba kuweka mbele ya mkutano huu mambo matatu, ili sherehe yetu isiwe ya ngoma na pilau tu.

La kwanza, katika kila chama cha msingi hesabu za mwaka zibandikwe mahali pa kupimia pamba wiki mbili kabla ya mkutano mkuu, kwa Kiswahili na kwa tarakimu kubwa, na katika mkutano zisomwe kabla ya uchaguzi, si baada yake.

La pili, wenyeviti, wajumbe wa Halmashauri, na wajumbe tunaowatuma katika Chama Kikuu wachaguliwe kwa kura ya siri, na kura zihesabiwe mbele ya wote. Pasipokuwa na karatasi, mahindi na maharage yapo.

La tatu ndilo linalonigusa zaidi. Nilipofika nyumbani siku ile nilikumbuka jambo ambalo lilipaswa kunijia pale pale kwenye mizani. Kijana yule aliyeniuliza kura yatufaa nini hana kura katika chama chetu. Amelima, amepalilia, amepiga dawa, amevuna, ameleta pamba kwa baiskeli. Lakini daftarini mna jina la baba yake tu. Na mama yake hali kadhalika: mikono yake imo katika kila kilo tuliyopima, na jina lake halimo katika ukurasa hata mmoja. Tutawezaje kumwambia mtu kwamba kura ina thamani, na sisi wenyewe tumeifungia sandukuni? Naomba kila chama cha msingi kianze msimu ujao kuwaandikisha wake zetu na vijana wetu wenye umri, walimao pamba, wawe wanachama kamili kwa hisa zao wenyewe. Hapo wakija kutuuliza swali lile, watatuuliza mkutanoni, na itatubidi tujibu.

Mabibi na Mabwana, asiyekuwepo na lake halipo. Chama Kikuu chetu kimetimiza miaka 10 kwa sababu palikuwa na watu waliokuwapo: waliokuja kwa miguu mikutanoni, waliouliza, waliobishana, waliokaa mpaka kura ya mwisho ikahesabiwa. Miaka 10 ijayo itategemea kama tutakuwapo sisi na watoto wetu. Mimi, ikiwa Mungu atanipa uhai, nitamtafuta kijana yule kabla ya mkutano wetu wa mwaka, nimpe jibu lake, na nimpeleke kwa karani akaandikwe.

Nawatakia nyote msimu mwema, mvua za kiasi, na mizani ya haki.